Barua pepe ya bure Juba: itazamwe njia ya kurudi, si ukubwa wa ghala

Mfanyabiashara wa Juba anayeagiza mchele, mabati au betri za sola hana bandari yake. Bandari yake iko Mombasa, zaidi ya kilomita 1,600 kutoka soko la Konyo Konyo. Kati ya kontena na duka kuna wakala wa forodha, mwenye lori, maofisa wa Malaba, maofisa wa Elegu na wenzao wa Nimule. Wote hao wanataka karatasi: profoma, ankara, hati ya shehena, orodha ya mizigo, risiti ya benki. Siku hizi karatasi hizo hupita kwanza kwenye barua pepe kabla ya kufika mkononi mwa mtu. Anayepoteza sanduku lake la barua pepe mzigo ukiwa njiani amepoteza daftari, na wahenga walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, swali linaloulizwa zaidi kuhusu huduma za barua pepe za bure ni lile lile la zamani: ipi ina nafasi kubwa? Swali hilo lilikuwa na maana mwaka 2004. Wakati huo Hotmail ilimpa mteja wa bure megabaiti 2 na Yahoo megabaiti 4. Google ilipotangaza Gmail yenye gigabaiti moja tarehe 1 Aprili mwaka huo, wengi walidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Leo mashindano hayo yamekwisha. Gmail inatoa gigabaiti 15, Outlook ya Microsoft gigabaiti 15, na Yahoo, iliyokuwa ikijivunia terabaiti nzima, mwaka 2025 ilishusha kiwango cha bure hadi gigabaiti 20. Ankara mia moja zilizopigwa picha vizuri hujaza sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo.

Kwa Juba, kipimo cha kwanza kinapaswa kuwa kingine. Siku simu itakapoibwa, laini itakapofungwa au neno la siri litakaposahaulika, mwenye sanduku atarudi ndani kwa njia gani, na baada ya siku ngapi? Huduma zote za bure hufunguliwa kwa dakika tano. Zinapotofautiana ni katika kumrudisha mwenyewe baada ya kufungiwa nje, na tofauti hiyo hupimwa kwa dola, kwa sababu kontena lililoko bandarini halisimami bure.

Jiji la namba zinazokufa

Huduma hizi zote zimejengwa juu ya dhana moja: kwamba mtu ana namba moja ya simu na ataendelea kuwa nayo. Dhana hiyo inaweza kufaa London. Juba haifai.

Kabla ya uhuru wa Julai 2011, simu nyingi za jiji hili zilitumia namba ya kimataifa ya Sudan, +249, na wateja wa kampuni ya Gemtel walitumia ya Uganda, +256. Namba ya Sudan Kusini, +211, ilianza kutumika mwaka huo huo wa 2011, na namba za zamani zikabaki historia. Machi 2018 leseni ya kampuni ya Vivacell ilisimamishwa kwa mgogoro wa ada na serikali, na mamia ya maelfu ya wateja wakabaki na laini zisizo na mtandao. Aliyekuwa amesajili barua pepe yake kwa namba ya Vivacell alibaki na ufunguo wa mlango ambao haupo tena.

Mbali na matukio hayo makubwa, yako ya kila siku. Mfanyabiashara wa mpakani hutembea na laini mbili au tatu: moja ya Juba, moja ya Uganda kwa ajili ya Elegu na Kampala, pengine na ya Kenya kwa ajili ya Eldoret na Mombasa. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa na kampuni, na baadaye namba ile ile huuzwa kwa mtu mwingine. Hapo hatari ni mbili kwa pamoja: mwenye sanduku hapati tena ujumbe wenye tarakimu za kuthibitisha, na mtu asiyemjua ndiye anayezipokea.

Lipo pia tatizo ambalo wengi hulinyamazia. Si ajabu kukuta barua pepe ya duka zima ilifunguliwa na kijana wa dukani, au na fundi wa duka la kupiga chapa, kwa namba yake mwenyewe, kwa sababu mwenye mali alikuwa na haraka ya kujaza fomu. Kijana akiondoka, au wakikosana, sanduku ni lake. Kwa mtazamo wa Google au Microsoft, mwenye akaunti ni yule aliyeshika namba, si yule mwenye leseni ya biashara ukutani.

Huduma moja moja kwenye mizani

Kwa kipimo hicho cha njia ya kurudi, huduma zinazojulikana zaidi hupimika hivi.

Gmail ndiyo inayofahamika zaidi, hasa kwa sababu simu karibu zote za Android humtaka mtumiaji awe na akaunti ya Google. Uzuri wake ni kwamba inaruhusu njia kadhaa za kurudi: namba ya simu, anwani nyingine ya barua pepe, na kwa anayewasha uthibitishaji wa hatua mbili, orodha ya tarakimu kumi za akiba zinazoweza kuandikwa kwenye karatasi, kila moja ikitumika mara moja. Karatasi hiyo haihitaji laini wala mtandao wa simu. Ubaya wake ni kwamba mteja wa bure hana dirisha la kwenda kulalamika. Anayeamua ni mashine, nayo humwamini zaidi mtu anayejaribu kurudi kwa simu aliyozoea kuitumia na mahali alipozoea kuwa. Mfanyabiashara aliyeibiwa simu akiwa safarini Kampala na kununua nyingine huko huko huonekana mgeni kabisa machoni mwa mashine hiyo. Bila karatasi ya tarakimu mfukoni au nyumbani, huenda akajaribu mara kumi bila mafanikio.

Outlook, ambayo ndiyo Hotmail ya zamani iliyobadilishwa jina mwaka 2012 na 2013, ina utaratibu mkali zaidi. Inatoa tarakimu ndefu ya kurudia akaunti, ya herufi na namba 25, na anayeihifadhi vizuri ana kinga nzuri. Lakini anayepoteza njia zake zote za usalama na kuomba kuweka mpya husubirishwa siku 30. Sababu ni nzuri: mwizi asiweze kubadili kila kitu kwa saa moja. Ila siku 30 ni muda mrefu sana kwa mtu ambaye hati ya shehena yake imekaa ndani ya sanduku hilo na wakala anamwambia kwamba siku za bure za bandari zimekwisha.

Yahoo ina wateja wengi wa tangu zamani, na kwa sababu inayoeleweka. Gmail ilikuwa ya kualikwa hadi Februari 2007, kwa hiyo waliofungua barua pepe katika miaka ya kwanza baada ya mkataba wa amani wa 2005 walikuwa na Yahoo na Hotmail mbele yao. Anwani hizo ndizo bado zimeandikwa kwenye mabango ya maduka na kwenye mihuri. Lakini Yahoo ina mambo mawili yanayopaswa kumtia wasiwasi mfanyabiashara. La kwanza, sanduku lisilofunguliwa kwa miezi 12 linaweza kuzimwa na barua zake kufutwa. Google hungoja miaka miwili. Katika nchi ambayo mtu aliwahi kukimbia vita Desemba 2013, na tena Julai 2016, mwaka mmoja bila kufungua barua pepe si uzembe. La pili, wizi wa data wa mwaka 2013 uligusa akaunti zote bilioni 3 za kampuni hiyo, jambo ambalo umma uliambiwa kwa ukamilifu mwaka 2017. Aliyefungua sanduku la Yahoo kabla ya hapo, na ambaye bado anatumia neno lile lile la siri huko au kwenye huduma nyingine, anapaswa kulihesabu kwamba limeshajulikana.

Proton Mail ya Uswisi, iliyoanza mwaka 2014, husifiwa kwa usiri, na sifa hiyo ni ya haki: barua hufungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma. Mfanyabiashara ajue tu bei ya usiri huo. Anayesahau neno la siri na ambaye hakuhifadhi maneno 12 ya kurudia anaweza kupata sanduku, lakini barua za zamani hubaki zimefungwa asiweze kuzisoma. Kampuni haiwezi kumsaidia hata ikitaka. Kwa mtu makini anayetunza karatasi zake, hiyo ni salama kuliko zote. Kwa mtu wa haraka, ni sanduku la chuma ambalo ufunguo wake umeangukia mtoni.

Zoho ya India ni ya aina nyingine. Katika baadhi ya maeneo inatoa huduma ya bure kwa biashara ndogo yenye watumiaji hadi watano, kila mmoja na gigabaiti 5, mradi biashara hiyo iwe na jina lake yenyewe la mtandaoni. Faida kubwa hapa ni kwamba mwenye mali ndiye msimamizi: karani akiondoka, bosi humfungia sanduku na kusoma barua za wateja zilizobaki. Linalomzuia mfanyabiashara mdogo ni hilo jina la mtandaoni, ambalo hulipiwa kila mwaka.

"WhatsApp inatosha"

Wapo watakaosema mjadala huu wote umepitwa na wakati, kwa sababu biashara ya Juba inafanyika WhatsApp. Hoja hiyo ina uzito. Bei ya nyanya kutoka Uganda huulizwa kwa sauti iliyorekodiwa, picha ya mzigo hutumwa kwa sekunde, na dereva aliyekwama njiani hatungi barua. Kwa muuzaji mdogo anayevusha bidhaa zisizozidi dola 2,000 kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, WhatsApp inaweza kweli kutosha kwa siku nyingi.

Hoja hiyo hufika mwisho pale biashara inapokua. Mfumo wa kodi wa Kenya, iTax, na usajili wa mlipakodi Uganda hutaka anwani ya barua pepe, na taarifa za kubadili neno la siri hupelekwa huko. Benki hutuma uthibitisho wa malipo huko. Kampuni za meli hutuma hati huko. Na ikitokea kesi kuhusu mzigo ulioharibika, mazungumzo yaliyopangwa kwa tarehe, na viambatisho vyake, ni ushahidi ulio rahisi kuutoa kuliko sauti mia mbili zilizotawanyika kwenye simu tatu.

Zaidi ya hapo, WhatsApp yenyewe inaegemea barua pepe. Kwenye simu za Android, nakala ya mazungumzo huhifadhiwa katika akaunti ya Google ya mwenye simu, na tangu mwaka 2024 nakala hiyo huhesabiwa ndani ya gigabaiti zile 15. Kwa hiyo anayesema hahitaji Gmail kwa kuwa ana WhatsApp ameweka mazungumzo yake yote ya biashara ndani ya Gmail bila kujua, pengine ile iliyofunguliwa na fundi wa simu siku aliponunua simu.

Tena mitandao ya kijamii hufungwa kwa amri. Januari 2025 mamlaka ya mawasiliano ya Sudan Kusini iliamuru Facebook na TikTok zifungwe kufuatia video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini nchini Sudan. Zikafunguliwa siku chache baadaye. Amri hiyo haikuigusa WhatsApp, lakini ilionyesha jinsi dirisha la duka lililowekwa Facebook linavyoweza kufungwa usiku mmoja. Uganda nayo ilizima intaneti nzima kwa siku kadhaa katika uchaguzi wa Januari 2021. Katika hali kama hiyo hakuna kinachopita, hata barua pepe, lakini barua pepe ina subira: barua isiyopokelewa hujaribiwa tena na tena kwa siku kadhaa kabla ya kurudishwa kwa aliyeituma.

Mtandao dhaifu na picha nyingi

Subira hiyo ina thamani Juba. Ni mwaka 2020 tu ambapo kampuni ya Liquid ilifikisha nyaya za faiba jijini kutoka mpaka wa Uganda. Kabla ya hapo jiji lilitegemea zaidi setilaiti. Na faiba hiyo inategemea nyaya za chini ya bahari za pwani ya mashariki, ambazo Mei 2024 zilikatika na kudhoofisha intaneti kutoka Tanzania hadi Uganda. Anayelipia bando kwa pauni zinazoshuka thamani ana haki ya kuuliza ni huduma gani isiyokula bando.

Hapa Gmail ilirudi nyuma hatua moja: mwanzoni mwa 2024 Google iliondoa ule ukurasa mwepesi wa maandishi matupu uliofunguka hata kwenye mtandao wa kobe. Anayetumia kompyuta ya zamani ofisini ameuhisi upungufu huo. Kwenye simu, programu za Gmail na Outlook zote hufanya vizuri, kwa kuwa huhifadhi barua zilizokwisha kushuka na kuweka foleni zile zinazosubiri mtandao ili ziondoke zenyewe. Yahoo ya bure huja na matangazo mengi, na matangazo hayo hushushwa kwa bando la mteja.

Kuhusu nafasi, jambo moja tu linastahili kukumbukwa. Gigabaiti 15 za Google si za barua peke yake. Tangu Juni 2021 picha mpya zinazohifadhiwa na simu nazo huhesabiwa humo humo. Mfanyabiashara anayepiga picha kila gunia na kila lori anaweza kujaza nafasi yote bila kutuma barua hata kumi. Nafasi ikijaa, barua huacha kuingia, na profoma kutoka Guangzhou humrudia aliyeituma huku mwenye duka akidhani muuzaji amemsahau. Dawa yake ni ya bure: kuzima uhifadhi wa picha katika akaunti ya biashara.

Na kwa kuwa Guangzhou imetajwa: tangu mwisho wa 2014 Gmail haifunguki China kwa njia ya kawaida. Muuzaji wa huko anaweza kuandika barua ikafika Juba, lakini mnunuzi aliyesafiri kwenda kukagua mzigo hataweza kufungua sanduku lake kwa mtandao wa hoteli, na hati zilizowekwa kwenye hifadhi ya Google hazitafunguka kwa mwenyeji wake. Anayekwenda China asiondoke Juba akiwa na sanduku moja tu, na lile la pili lisiwe la Google.

Tapeli hahitaji kuvunja mlango

Wizi unaowaumiza waagizaji wa bidhaa duniani ni wa kimya. Mwizi hupata neno la siri la upande mmoja, la mnunuzi au la muuzaji, kisha hakai akapiga kelele. Husoma. Huweka agizo ndani ya sanduku ili kila barua inayoingia ipelekwe kwake pia. Siku profoma inapofika, hutuma barua nyingine inayofanana nayo kwa kila kitu, isipokuwa namba ya akaunti ya benki. Mnunuzi hulipa, muuzaji hapokei, na pande mbili zilizoaminiana kwa miaka hushutumiana. Nchini Marekani peke yake, malalamiko ya wizi wa aina hii yaliyofikishwa kwa FBI mwaka 2023 yalikuwa na hasara ya takribani dola bilioni 2.9. Kama kampuni za huko zenye wahasibu na wanasheria zinaibiwa hivyo, duka la Konyo Konyo lisijidanganye kwamba ni dogo mno kuonekana.

Hakuna huduma ya bure inayozuia wizi huo yenyewe. Uthibitishaji wa hatua mbili, ambao Gmail, Outlook, Yahoo na Proton zote zinao bila malipo, huziba njia kubwa zaidi, ya neno la siri lililoibwa. Njia iliyobaki huzibwa kwa mdomo: barua ikisema akaunti ya benki imebadilika, mnunuzi apige simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo, na asikie sauti anayoijua.

Anwani ya bure ina udhaifu mwingine katika jambo hili: haithibitishi chochote. Yeyote anaweza kufungua anwani yenye jina la kampuni ya mtu, akaongeza herufi moja au tarakimu moja, na jicho lenye haraka lisione. Tatizo hilo haliko madukani peke yake. Barua yenye nembo ya ofisi ya umma na anwani ya Gmail chini yake si kitu cha kushangaza katika ukanda huu, na kila barua ya namna hiyo humfundisha mfanyabiashara kwamba anwani yoyote inatosha. Kisha tapeli hupita katika njia hiyo hiyo iliyosafishwa na ofisi.

La kufanya

Kwa wafanyabiashara wengi wa Juba, jibu la ulinganisho huu ni Gmail kuwa sanduku kuu, na Outlook kuwa sanduku la akiba lililounganishwa nalo kama njia ya kurudi. Gmail haikushinda kwa ukubwa. Imeshinda kwa sababu karatasi yake ya tarakimu za akiba inamwezesha mtu kurudi bila namba ya simu, na katika jiji ambalo namba zimekufa mara nyingi hivi, hilo linazidi mengine yote. Lakini ushindi huo una masharti. Akaunti iwe ya biashara, si ile ya picha za familia. Namba iliyosajiliwa iwe ya mwenye mali. Tarakimu za akiba ziandikwe kwa mkono nakala mbili, moja ikae pamoja na leseni ya biashara na nyingine kwa ndugu anayeaminika nje ya Juba. Anayeshindwa kutimiza masharti hayo hatanufaika na huduma yoyote, iwe ya Marekani, ya Uswisi au ya India.

Mwenye Yahoo ya zamani asiifute kesho, kwa maana wateja na mabenki bado wanaijua. Abadilishe neno la siri, awashe hatua mbili, kisha awahamishe wateja wake kidogo kidogo kwenye anwani mpya huku akifungua ile ya zamani kila mwezi. Na biashara iliyokwisha kuwa na makarani na washirika inapaswa kuhama kwenye jina lake yenyewe la mtandaoni. Sudan Kusini ina kikoa chake, .ss, kilichoidhinishwa kimataifa mwaka 2019. Anwani inayoishia kwa jina la kampuni haipotei karani anapoondoka, na inaweza kuhamishwa kutoka huduma moja hadi nyingine bila kubadilisha mabango wala mihuri.

Hapo ndipo taasisi za ukanda nazo zinapohusika. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na tangu hapo mazungumzo mengi yamekuwa ya ushuru, vizuizi vya barabarani na mizani. Hayo ni ya haki. Lakini ikiwa taratibu za forodha zinazidi kuhamia kwenye mifumo ya kompyuta, basi anwani ya barua pepe imekuwa kama pasipoti ya mzigo, na hakuna anayemsaidia mama wa Nimule kuipata kwa njia salama. Madawati ya habari za biashara mipakani, yaliyowekwa ili kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kujaza fomu, yangeweza kuongeza dakika kumi za kumfungulia mtu sanduku kwa namba yake mwenyewe na kumkabidhi karatasi ya tarakimu zake. Chama cha wafanyabiashara Juba kingeweza kulipia kikoa kimoja na kuwapa wanachama waliosajiliwa anwani chini yake, ili muuzaji wa Mombasa au Dubai ajue kwamba anayemwandikia yupo kweli na ana duka. Gharama ya kikoa kwa mwaka ni ndogo kuliko tozo ya kontena moja lililochelewa.

Wahenga walisema pia kwamba mchagua jembe si mkulima, na ni kweli: anayeshinda akilinganisha gigabaiti hatapeleka mzigo sokoni. Jembe lolote kati ya haya litalima. Kazi iliyobaki ni ya jioni moja: kukaa, kuangalia ni namba ya nani iliyosajiliwa kwenye sanduku la duka, na kuandika tarakimu za kurudi kwenye karatasi kabla simu haijapotea.